Bweni, Sanduku na Njia: Maisha ya Wasichana Shuleni Nyakati za Vita

Maneno yaliyosomwa na Halmashauri ya Elimu mbele ya mkutano wa mwaka wa chama, Karagita



Halmashauri iliombwa iseme machache juu ya fedha zinazotolewa na chama kwa ajili ya wasichana walioko katika shule za bweni. Tungeweza kusoma hesabu tu na kuketi. Lakini katika mkutano uliopita lilizuka neno ambalo halikuisha. Baadhi ya wazee waliuliza kwa nini chama kinunue magodoro, sabuni na masanduku, hali vitu hivyo si elimu, na kwa nini nauli ya msichana ihesabiwe pamoja na karo. Swali hilo ni la haki, wala halikuulizwa kwa ubaya. Mwenye kuchanga shilingi yake ana ruhusa ya kuuliza imekwenda wapi.

Basi tumeona ni heri tulijibu kwa njia ndefu kidogo, kwa kueleza jinsi wasichana wa nchi hii walivyoishi shuleni nyakati za vita viwili: Vita Vikuu vya Pili vya dunia, tangu 1939 hadi 1945, na vita vya Hali ya Hatari, iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Maana wakati wa dhiki ndipo huonekana ni kitu gani hasa kinachomweka mtoto darasani, na ni kitu gani kinachomtoa.

Hapa kwetu kando ya Ziwa Naivasha, ukiwauliza watu juu ya Vita Vikuu vya Pili utaelezwa mambo ya wanaume. Utasikia habari za ndege kubwa zilizokuwa zikitua juu ya maji ya ziwa hili. Utaonyeshwa kanisa dogo la Mai Mahiu, lililojengwa mwaka 1942 na wafungwa wa vita wa Kiitaliano waliokuwa wakitengeneza barabara ya kushuka bondeni. Utasikia habari za vijana walioingia jeshi la KAR wakapelekwa Uhabeshi na Burma, na wengine wasirudi. Haya yote ni kweli, na ni vema yakumbukwe. Lakini msichana alikuwa wapi?

Msichana alikuwa shambani akichuma maua. Wala hatusemi hivi kwa mzaha. Katika nyanda za juu za Bonde la Ufa, na huko Kinangop juu yetu, walowezi walikuwa wamepanda pareto, ua jeupe lenye moyo wa manjano, ambalo likikaushwa na kusagwa hutoa dawa ya kuulia wadudu. Kabla ya vita Wajapani walikuwa wauzaji wakubwa wa pareto duniani. Walipoingia vitani Desemba 1941 dhidi ya Waingereza na Wamarekani, majeshi yaliyohitaji dawa ya chawa na mbu yaligeuza macho yakatazama Kenya. Ua lile huchumwa kwa mkono, moja moja, na mikono iliyotakiwa ilikuwa ya wanawake na watoto. Sisi wa Karagita, ambao wengi wetu twala kwa waridi, hatuhitaji kuelezwa zaidi jinsi ua linavyoweza kumtaka msichana kwa haraka kuliko kitabu.

Wazazi wa watoto hao walikuwa maskwota, watu waliokaa katika mashamba ya walowezi kwa sharti la kufanya kazi siku kadhaa kila mwaka. Sheria ya mwaka 1937 iliwapa walowezi uwezo wa kuongeza siku za kazi na kupunguza mifugo, na wakati wa vita wengi waliuona uzito wake. Shule katika mashamba zilikuwa chache, na mahali pengi hapakuwa na hata moja. Aliyetaka mtoto wake asome ilimpasa kumpeleka mbali, na kama fedha zilitosha mtoto mmoja, kwa kawaida aliyepelekwa alikuwa mvulana. Tusiwahukumu wazee wale upesi. Kwanza, shule ya kumpeleka msichana ilikuwa wapi? Muda wote wa vita, hapakuwa na shule ya sekondari ya wasichana Waafrika katika Kenya. Ya kwanza ilifunguliwa Kikuyu mwaka 1948, vita vimekwisha miaka mitatu, nayo ndiyo tunayoiita leo Alliance Girls.

Zilizokuwako ni shule za misheni za madarasa ya chini, baadhi yake zikiwa na mabweni. Maisha ndani yake hayakuwa ya starehe. Siku ilianza alfajiri kwa kuteka maji na kufagia, na jembe lilikuwa sehemu ya ratiba sawasawa na hesabu. Huko Uganda, katika shule ya Gayaza iliyoanzishwa mwaka 1905, wasichana walilima chakula chao wenyewe, na wageni waliotarajia kuona vitabu tu walishangaa kuona mikono yenye udongo. Jioni palikuwa na kushona, kufua na sala. Watu wengine husema elimu ile ilikuwa ya kuwafanya wasichana wake wazuri wa walimu na wachungaji, na kwa sehemu neno hilo ni kweli. Lakini msichana aliyejua kusoma hawezi kuzuiliwa asome barua asiyoandikiwa yeye, na hivyo ndivyo wengi walivyoanza kufahamu mambo ya dunia.

Vita viliingia katika shule hizo kwa mlango wa jikoni na wa kabati. Meli zilichukua mizigo ya jeshi, basi nguo zikawa haba madukani na bei yake ikapanda. Sare iliyopasuka ilitiwa kiraka, na kiraka kikatiwa kiraka. Kisha mwaka 1943 mvua ikakosa na mahindi yakaadimika nchini. Wakikuyu waliiita njaa ile njaa ya mianga, yaani ya muhogo, kwa sababu watu waliozoea mahindi na maharagwe walilazimika kula unga wa muhogo. Kwa shule ya bweni, mwaka wa namna ile si habari ya gazetini. Ni sufuria. Mtu anayesema kwamba chakula si elimu na ajaribu kufundisha kugawanya kwa mafungu watoto ambao tangu jana hawakugawiwa kitu.

Sasa tuje kwenye jambo lililotufanya tuchague mada hii, nalo ni la Githunguri.

Tarehe 7 Januari 1939, miezi minane kabla ya vita kuanza Ulaya, kilifunguliwa huko Githunguri, katika wilaya ya Kiambu, chuo cha kufundishia walimu wa Kiafrika. Mkuu wake alikuwa Mbiyu Koinange, aliyekuwa amerudi kutoka Marekani baada ya kusoma Hampton, Ohio Wesleyan na Columbia. Shule za kujitegemea, zile ambazo watu walizijenga wenyewe baada ya kutofautiana na misheni, zilikuwa zimeongezeka, na walimu hawakutosha. Chuo hakikutegemea fedha za serikali. Kilijengwa kwa michango, na michango hiyo ilikusanywa kwa marika: rika hili likishindana na rika lile, kila moja likiona haya kuwa nyuma. Wazee mnaotusikiliza mnafahamu nguvu ya jambo hili kuliko sisi. Mtu aweza kumkatalia mwekahazina, lakini ni vigumu kuwakatalia watu aliotahiriwa nao.

Wasichana nao waliingia Githunguri. Hapo ndipo pakatokea neno la mahali pa kulala. Mvulana aliyetoka mbali aliweza kujibanza kwa jamaa, au kupanga chumba na wenzake. Msichana hakuweza, na mzazi mwenye akili asingemruhusu. Darasa lilikuwa wazi kwa wote wawili, lakini mlango uliomwezesha msichana kulifikia ulikuwa mlango wa bweni. Basi wanawake wakaishika kazi hiyo kuwa yao. Walichanga fedha wenyewe kwa wenyewe, wakafanya mikutano yao, na wakajenga bweni la wasichana. Mbiyu Koinange mwenyewe alilisimulia jambo hili katika kitabu chake juu ya watu wa Kenya kilichochapishwa Marekani mwaka 1955, na yaonekana kati ya yote aliyoyaona chuoni, hili lilimgusa sana.

Tufikiri kidogo wanawake wale walikuwa akina nani. Wengi hawakujua kusoma. Fedha yao haikutoka katika mshahara, bali katika mahindi, maharagwe na kuku waliouzwa sokoni, na katika vibarua vya mashamba ya kahawa. Huo ulikuwa wakati wa bei ghali na wa njaa tuliyoitaja, na wana wao wengine walikuwa jeshini. Kama kuna watu waliokuwa na sababu ya kusema kwamba kitanda si elimu, ni wao. Hawakusema hivyo. Twadhani walijua kitu ambacho waume zao, wenye kushughulika na madarasa na vyeti, hawakukitazama kwa karibu: kwamba msichana hatolewi shuleni kwa sababu hesabu zimemshinda. Hutolewa kwa sababu usiku umeingia na hakuna anayejua amelala wapi.

Githunguri haikudumu. Jomo Kenyatta alirudi kutoka Uingereza mwaka 1946 na baadaye akashika ukuu wa chuo. Mwaka 1952 serikali ya kikoloni ikakifunga, kisha mahali pale pakafanywa pa kuhukumia watu na kuwanyonga. Hatuna haja ya kuongeza neno juu ya hilo. Lakini wako watu wanaosema kazi ya wanawake wale ilipotea. Hatukubaliani nao. Wasichana waliokwisha kulala katika bweni lile walikuwa wamekwisha kusoma, na kitu kilichosomwa hakifungwi kwa kufuli la mkuu wa wilaya.

Kwa kupita tu tutaje Makerere. Chuo kile cha Kampala kilikuwa cha wanaume, na wito wake kwa Kiingereza ulikuwa na maana ya “tuwe wanaume”. Mwaka 1945, vita vikielekea mwisho wake, wanawake 6 walikubaliwa kuingia, na wito ukabidi ubadilishwe uwe wa kujenga kwa ajili ya siku zijazo. Hata huko neno la kwanza lilikuwa la malazi: wanawake walitengewa nyumba yao, na bweni la wanawake la Mary Stuart laitwa “Boksi” na wanafunzi mpaka hivi leo. Mzaha wa vijana huwa na ukweli ndani yake.

Vita vya pili twavitaja kwa uangalifu, maana miongoni mwetu wako ambao wazazi wao walikuwa upande huu na wengine upande ule. Hatukusudii kupima nani alikuwa na haki. Twataka kumfuata mtoto mmoja tu wa shule, ambaye habari zake zajulikana na dunia nzima kwa kuwa alizieleza mwenyewe katika kitabu, na ambaye alipata kuwa mtoto wa Nakuru yetu. Naye ni Wangari Maathai.

Alizaliwa Ihithe, Nyeri, tarehe 1 Aprili 1940. Baba yake alikuwa akifanya kazi katika shamba la mlowezi karibu na Nakuru, na Wangari akiwa mdogo mama yake alimpeleka huko. Aliishi Bonde la Ufa kama watoto wengine wa maskwota. Mwaka 1947 mama alirudi naye Nyeri. Sababu ya kurudi ni kwamba kaka zake walihitaji kusoma, na shambani hapakuwa na shule. Angalieni jambo hili: safari ilifanywa kwa ajili ya wavulana. Wangari alikwenda kama mtoto anayefuata mama yake na kumsaidia kazi. Ni kaka yake mkubwa aliyeuliza siku moja kwa nini Wangari haendi shule kama wao. Mama akafikiri, akajibu kwamba haoni sababu ya kumzuia. Naye alikuwa na umri wa miaka 8. Twapenda sana jibu lile la mama. Halikuwa na hotuba ndani yake, na kazi za nyumbani alizokuwa akisaidiwa na binti yake alijua zitamwangukia nani.

Mwaka 1951, akiwa na miaka 11, alipelekwa bweni katika shule ya St. Cecilia kwenye misheni ya Mathari, Nyeri, iliyokuwa chini ya masista wa Consolata kutoka Italia. Mwaka uliofuata Hali ya Hatari ikatangazwa. Basi karibu miaka yake yote ya bweni pale ilikuwa miaka ya vita, na Nyeri ilikuwa katikati ya vita hivyo, msitu wa Nyandarua upande mmoja na Mlima Kenya upande mwingine.

Na ndani ya ua wa shule maisha yalikuwaje? Yalikuwa ya kengele, sala, masomo na kazi. Jambo lililowasumbua wasichana kila siku halikuwa bunduki, bali kifungo cha nguo. Shule ilitaka waseme Kiingereza, na aliyesikika akisema lugha ya mama yake alipewa kifungo avae, chenye maneno ya kumwita mjinga. Alikaa nacho mpaka amsikie mwenzake akikosea naye, akamkabidhi. Aliyekutwa nacho jioni alipewa adhabu ya kufagia, kukata majani au kulima. Wangari alisema ukubwani kwamba desturi ile iliwafundisha kudharau lugha yao, ingawa pia alikisema Kiingereza vizuri kwa sababu yake. Wako hapa watu wazima waliovaa kitu cha namna hiyo shuleni kwao, wakati mwingine kibao, wakati mwingine mfupa. Wanajua tunasema nini.

Jambo jingine ni zito zaidi. Wasichana wale walifundishwa kwamba watu wa msituni ni wauaji tu, basi wakasali ili wakamatwe. Walisali kwa moyo safi. Wakati ule ule, nje ya ua wa shule, watu zaidi ya milioni 1 wa Kikuyu, Embu na Meru walikuwa wakiondolewa katika maboma yao, hasa miaka ya 1954 na 1955, na kuwekwa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na kulindwa. Mama yake Wangari alikuwa mmoja wao, huko Ihithe. Mama yu kijijini chini ya amri ya kutotembea usiku, binti yu kanisani anasali. Hatulaumu shule wala mtoto. Twasema tu kwamba bweni lilikuwa kinga, na kinga yoyote huzuia upepo na huzuia habari pia. Twafikiri ni halali kuitaka kinga hiyo na kuujua upungufu wake.

Kwa upande wetu wa Bonde la Ufa mambo yalikuwa mabaya zaidi kwa watoto wa shule. Tangu mwishoni mwa 1952 na katika mwaka 1953, makumi ya maelfu ya Wakikuyu waliondolewa mashambani mwa walowezi, wakapakiwa katika malori na magari ya moshi na kurudishwa kwenye hifadhi, mahali ambapo wengine hawakuwa na hata mguu wa ardhi. Shule za kujitegemea zilifungwa. Tarehe 26 Machi 1953 kituo cha polisi cha Naivasha kilivamiwa usiku, na usiku ule ule mauaji ya Lari yakatokea. Baada ya hapo ulinzi ukazidi na kusafiri kukawa jambo la hatari kwa kila mtu. Daftari za watoto walioondolewa zilibaki wapi, hakuna aliyeandika.

Hapa ndipo tunapolifikia neno la njia. Wangari alimaliza St. Cecilia akiwa wa kwanza katika darasa lake, akaingia Loreto, Limuru, mwaka 1956. Katika likizo, akiwa na umri wa miaka 16, alisafiri kwenda Nakuru kumwona baba yake. Akakamatwa, akawekwa katika kambi ya kizuizi siku 2. Hakuwa na kosa lolote ila kuwa Mkikuyu aliye njiani. Miaka yote ya vita bweni lilikuwa limemlinda. Ile safari moja kati ya shule na baba yake ndiyo iliyomtia kambini. Aliandika baadaye kwamba hali ya mahali pale ilikuwa ya kuvunja moyo wa binadamu.

Yaliyofuata mwayajua. Alimaliza Loreto mwaka 1959, na mwaka 1960 akapanda ndege pamoja na vijana wengine wengi wa Kenya kwenda Marekani, akasoma katika chuo cha wanawake cha Mount St. Scholastica huko Atchison, Kansas, mpaka 1964. Mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Alifariki tarehe 25 Septemba 2011. Lakini hatukumtaja ili kuwaambia kwamba kila msichana tunayemnunulia godoro atapewa tuzo. Wengi wa wenzake wa St. Cecilia waliishi maisha ya kawaida, wakafundisha, wakauguza, wakalea. Nao pia walikuwa wanastahili kulala mahali pakavu.

Wazee wetu, huenda mtasema hayo ni ya zamani na vita vimekwisha. Twawakumbusha, kwa unyenyekevu, Januari 2008. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 vurugu zilizoanza kwingine zilifika Naivasha tarehe 27 Januari. Watu waliuawa na nyumba zikachomwa, na maelfu wakakimbilia kituo cha polisi na viwanja vya gereza. Wanachama wa chama hiki ni watu wa makabila mengi, na hatutaki kufukua lililozikwa kwa shida. Twataja upande wa shule tu. Ilikuwa mwanzo wa mwaka wa masomo, masanduku yamekwisha kufungwa. Vilivyoungua pamoja na nyumba vilikuwa sare, vitabu, na vyeti vya mtihani ambavyo bila hivyo hakuna mwalimu mkuu anayemfungulia mtoto lango. Wasichana wengine walipelekwa kwa jamaa mbali, kwa siku chache ilisemekana, na siku chache zikawa ndoa.

Basi turudi kwenye swali la wazee. Wanaopinga matumizi haya wana hoja mbili ambazo hatuwezi kuzipuuza. Ya kwanza ni kwamba ziko shule za kutwa ambazo serikali husaidia karo yake, na msichana aweza kusoma akilala kwao. Ni kweli, kwa yule mwenye kwao pa kusomea. Katika vyumba vya kupanga vya Karagita, chumba kimoja kikiwa cha wazazi, watoto, jiko na mgeni, na mama akitoka alfajiri kwenda kwenye maua, msichana mkubwa ndiye mama wa pili. Hafukuzwi shule na mtu. Anachelewa tu, kisha anakosa Jumatatu, kisha Jumatatu na Ijumaa. Hoja ya pili ni kwamba fedha ya vitu vidogo ni rahisi kupotea. Hiyo twaikubali yote, na ndiyo sababu halmashauri haimkabidhi mtu fedha taslimu. Vitu hununuliwa kwa pamoja na kukabidhiwa mbele ya mashahidi wawili, mmoja wao akiwa mama. Juu ya sodo, ambazo mzee mmoja aliomba zisitajwe mkutanoni, twasema kwa heshima kwamba tangu 2017 sheria ya nchi inataka serikali iwape wasichana wa shule bila malipo. Bunge lilizitaja, basi nasi hatuoni sababu ya kuona haya. Zikichelewa kufika shuleni, chama kitaendelea kuzinunua.

Katika mambo mapya, halmashauri inaomba matatu. Vyeti vya watoto wote wanaosaidiwa, wavulana kwa wasichana, vitolewe nakala, na nakala hizo ziwekwe katika sanduku la chuma nje ya Karagita, mahali ambapo mkutano utapachagua, ili moto wa nyumba usiwe moto wa masomo. Kila msichana anayesoma mbali apewe jina la mwenyeji mmoja katika mji ulio karibu na shule yake, mtu mzima anayejulikana na chama, ambaye aweza kumlaza usiku mmoja njia ikifungwa. Tumekwisha kupata wenyeji Nakuru na Gilgil. Nyahururu bado, na twaomba mwenye jamaa huko atuambie kabla hajaondoka leo.

La tatu ni la siku ya kufungua shule. Wasichana wetu huondoka hapa gizani ili wawahi magari ya Naivasha, kila mmoja na sanduku lake, na wengi hawana wa kuwasindikiza kwa kuwa wazazi wako kazini. Kuna wanachama ambao husafiri kwenda Nakuru kila wiki kwa biashara zao. Hatuwaombi fedha. Twaomba waahirishe safari zao za wiki ile ziangukie asubuhi ile moja, wakae gari moja na watoto, na wawafikishe langoni. Katibu ana daftari pale mlangoni, ukurasa wa mwisho umechorwa mistari kwa ajili ya majina hayo, na kalamu iko.